Wakati wa Kupanda Maharagwe Yatambaayo

Leo twataka kusema nanyi habari za jambo lililo dogo kwa kulitazama, lakini lenye maana kubwa katika chungu cha nyumbani, nalo ni hili: ni lini yafaa kupanda maharagwe yatambaayo katika bustani iliyo karibu na nyumba? Tutasema hasa habari za nchi ya Mara: Musoma kando ya ziwa, Bunda na tambarare zake, na Butiama penye vilima. Nchi hizo tatu ni jirani, walakini mvua zake hazifanani, na mtu afuataye desturi ya jirani bila kupima mwenyewe aweza kupoteza mbegu zake zote.

Kwanza na tuelewane juu ya mmea wenyewe. Maharagwe ni ya namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ni maharagwe mafupi, yale yasimamayo yenyewe kama kichaka kidogo. Hayo huiva upesi, kwa kadiri ya siku 65 hata 80. Namna ya pili ni maharagwe yatambaayo. Hayo hayana nguvu ya kusimama peke yake. Hutafuta mti, huuzunguka, na kupanda juu mpaka kimo cha mtu au kupita. Haya hayana haraka. Hukaa katika ardhi siku 100 hata 120, na penye baridi hukaa zaidi. Namna zote mbili asili yake ni Amerika, ambako watu wa Mexico na wa milima ya Andes waliyalima tangu maelfu ya miaka. Nayo yalifika Afrika ya Mashariki baada ya Wareno kuanza safari zao za baharini katika karne ya 16.

Labda mtu atauliza, Kwa nini tujisumbue kwa mmea utakao fito na utakao siku nyingi, na hali maharagwe mafupi tunayo? Jibu lake ni bustani yenyewe. Bustani ya nyumbani haina nafasi. Mara nyingi ni kipande kilicho nyuma ya jiko, chenye ua wa kuzuia mbuzi na kuku. Katika kipande hicho huwezi kuongeza upana, lakini juu hakuna mpaka. Maharagwe yatambaayo huitumia nafasi ya juu, na mavuno yake huweza kuwa mara mbili, na hata mara tatu, ya maharagwe mafupi katika ardhi iliyo sawa. Watu wa Rwanda, ambao mashamba yao ni madogo sana juu ya vilima, wanalijua jambo hili vizuri. Wakulima wa kaskazini ya nchi ile walikuwa nayo tangu zamani, na kuanzia miaka ya 1980 mbegu zilizochaguliwa na wataalamu zilienea katika sehemu nyingine nyingi za nchi.

Tena maharagwe yatambaayo hayatoi maua yake yote kwa siku moja. Hutoa machache chini, kisha katikati, kisha juu, kwa muda wa majuma kadhaa. Kwa hiyo mama wa nyumba huchuma majani machanga kwanza kuwa mboga, halafu maganda mabichi, halafu maharagwe mabichi ya kupika, na mwisho maharagwe makavu ya kuweka. Nyumba iliyo na ugali wa muhogo au wa mtama peke yake, ikipata maharagwe, watoto hupata chakula cha kuujenga mwili na damu. Hii ndiyo faida tunayoitafuta, nayo hupatikana au hupotea siku ile ya kupanda.

Sasa twafika kwenye shina la maneno yetu. Watu wengi hupanda maharagwe yatambaayo siku ile ile wapandayo maharagwe mafupi, kwa kuwa yote huitwa maharagwe. Hapo ndipo hasara ianzapo. Maharagwe yatambaayo hayana budi kutangulia. Na tuyahesabu pamoja, maana hesabu yake si ngumu, na mwanafunzi aweza kuiandika ubaoni.

Tuseme kuna nyumba mbili jirani, na kila moja ina kibaba kimoja cha mbegu za kutambaa. Nyumba ya kwanza yapanda tarehe 10 Machi, ardhi ikiwa imekwisha kulowa. Maua huanza baada ya siku kama 55, yaani mwanzo wa Mei, na wakati huo mvua za masika kwa kawaida zingali zikinyesha. Mwanzo wa Juni maharagwe mabichi yapo tayari. Mwanzo wa Julai maganda yamekauka, nalo jua la kiangazi ndilo lililoyakausha. Nyumba ya pili yapanda tarehe 10 Aprili, kwa kuwa ndiyo siku waliyopanda maharagwe mafupi mwaka uliopita. Maua yataanza mwanzo wa Juni. Lakini mvua za masika hupungua mwisho wa Mei. Maua yatakuta ardhi kavu na jua kali. Mengi yataanguka, na maganda machache yatakayobaki yatakuwa na punje mbili au tatu zilizosinyaa. Majani yatakuwa mengi, na chungu kitakuwa kitupu.

Walakini maharagwe mafupi yaliyopandwa tarehe 10 Aprili huenda yakafaulu, kwa kuwa hutoa maua katikati ya Mei na kuvunwa kabla Juni haijaisha. Basi nyumba ya pili haikuwa na uvivu, wala mbegu zake hazikuwa mbaya. Ila kipimo cha mmea mmoja kilitumiwa kwa mmea mwingine. Kanuni ni hii: usihesabu tangu wingu la kwanza, bali hesabu kwa kurudi nyuma tangu siku ya maua. Maua yapate mvua, na maganda yapate jua.

Katika nchi ya Mara misimu ya mvua ni miwili. Vuli huanza Septemba au Oktoba na kufika Desemba. Halafu huwa kuna ukavu kidogo Januari na sehemu ya Februari. Kisha masika huja mwisho wa Februari au katika Machi, na kwa kawaida mvua nyingi huwa Aprili. Kiangazi kirefu ni Juni, Julai na Agosti. Kwa kuwa maharagwe yatambaayo yataka muda mrefu, msimu wake mkubwa ni masika.

Lakini, wasikilizaji, msichukue kalenda kuwa ndiyo mvua. Wazee wetu husema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Nao hawakusema kwamba mawingu ndiyo mvua. Mwisho wa Februari mara nyingi hunyesha manyunyu ya siku moja, kisha jua hurudi kwa majuma mawili. Mbegu iliyokwisha kuvimba na kuanza kuota ikikosa maji hufa, wala haifufuki. Kwa hiyo kuna vipimo viwili ambavyo havina gharama.

Kipimo cha kwanza ni kopo. Chukueni kopo tupu, lenye kuta zilizosimama wima, liwekeni mahali peupe mbali na paa na miti. Mvua ya siku mbili au tatu ikijaza maji kupita upana wa kidole kimoja, yaani kama milimita 20 au zaidi, mvua hiyo yaweza kuitwa mvua ya kupandia. Kipimo cha pili ni jembe. Chimbeni shimo la shubiri moja, mchukue udongo wa chini yake mkaukamate mkononi. Ukishikamana kama tonge, panda. Ukimwagika kama majivu, ngoja. Udongo wa mchanga wa kando ya ziwa haushikamani sana hata ukiwa na maji. Huo mtautambua kwa ubaridi wake na kwa rangi yake iliyoiva. Vipimo vyote viwili vikikubali, msikawie, maana kila juma mnalokawia katika Machi mnaliondoa kwenye maua ya Mei.

Tena sikilizeni habari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutangaza mwelekeo wa mvua kabla ya vuli na kabla ya masika. Utabiri si ahadi, lakini ni msaada kwa mtu anayetaka kujua kama ajiandae mapema.

Na tutazame sasa nchi moja moja. Tuanze Butiama, mahali alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na aliporudi kulima baada ya kuacha urais mwaka 1985. Vilima vyake viko juu kuliko pwani ya ziwa, na usiku hupoa zaidi. Maharagwe yatambaayo hupenda hali hiyo, kwa kuwa joto kali, hasa joto la usiku, huangusha maua. Hapo pandeni tangu siku za kwanza za Machi mpaka katikati ya mwezi, ardhi ikikubali. Mwisho wa Machi ndio mpaka. Mtu akiupita, heri apande maharagwe mafupi. Maneno hayo yafaa pia kwa vilima vya Ikizu katika Bunda.

Tambarare za Bunda ziteremkazo kuelekea Ghuba ya Speke zina joto zaidi, na masika yake huweza kukatika mapema. Hapo msingoje katikati ya Machi. Andaeni bustani Januari, mkawe tayari kupanda mwisho wa Februari ikiwa kopo na jembe vimekubali. Tafuteni mbegu za kutambaa ziivazo mapema, na zile zilizochaguliwa kwa nchi za mwinuko wa kati, maana wataalamu wa mbegu wamekwisha kuzalisha aina zivumiliazo joto kuliko zile za milimani. Mwulizeni Bwana Shamba wenu, ambaye siku hizi huitwa Afisa Ugani. Tena wale mkaao karibu na Serengeti mwajua jinsi tembo waharibuvyo mashamba ya mbali kwa usiku mmoja. Bustani iliyo mlangoni hulindwa kwa urahisi zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutaka ipandwe kwa wakati wake.

Musoma kando ya ziwa ndipo penye shida kubwa zaidi. Uso wa ziwa la Viktoria uko kadiri ya mita 1,134 juu ya bahari. Kwa maharagwe yatambaayo hapo ni chini kidogo, tena mvua yake ni haba kuliko ya vilimani. Hatusemi msipande. Twasema mpande mapema, mara masika yanaposhika, na mpande machache, kadiri mwezavyo kuyanywesha. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, yakimwagwa shinani asubuhi au jioni wakati wa maua, huweza kuyaokoa mavuno mvua zikiwa zimekatika. Wale wawezao kuteka maji ya ziwa kwa ndoo kila siku waweza pia kupanda mwanzo wa Juni, ili maua yaje kabla joto la Septemba halijafika. Ila waangalie viboko, ambao hupanda pwani usiku kula bustani. Na yule asiye na maji ya kunywesha, heri apande fiwi, ngwara au kunde, ambazo ni ndugu za maharagwe na huvumilia joto na ukavu. Fiwi na ngwara nazo hutambaa juu ya miti kama haya.

Je, vuli? Vuli yaweza kupandwa katika Oktoba, na maganda yatakauka katika ukavu wa Januari. Lakini vuli ni mgeni asiyetabirika. Mwisho wa mwaka 1997 vuli ilinyesha kupita kiasi, hata mito ikafurika katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Na mwisho wa mwaka 2016 ilikosekana, watu na mifugo wakapata taabu. Kwa hiyo katika vuli pandeni robo ya mbegu zenu tu, na robo tatu ziwekwe kwa ajili ya masika. Vuli ikifaulu, mtapata mbegu mpya. Ikishindwa, nyumba haijafilisika.

Sasa tuseme juu ya matayarisho, maana mtu hawezi kupanda kwa wakati kama kazi ya kwanza haijafanyika. Katika ukavu wa Januari limeni kipande, mtie samadi iliyooza ya ng'ombe au ya mbuzi, ndoo moja kwa kila hatua mbili za mstari. Msiitie ikiwa mbichi, kwa maana huunguza mizizi. Kisha kateni fito za kimo cha mtu na zaidi. Msikate miti michanga ya vilimani bila kupanda mingine. Matete ya mtoni yafaa kwa msimu mmoja, na milingoti ya mkonge iliyokwisha kutoa maua hudumu kuliko matete. Mahindi si egemeo jema, kwa sababu maharagwe yenye nguvu huyaangusha.

Siku ya kupanda, fanyeni mistari iliyoachana dhiraa moja na nusu, na mashimo yaliyoachana shubiri moja. Tieni mbegu mbili katika kila shimo, kwa kina cha upana wa vidole viwili. Fito zisimikwe siku hiyo hiyo, au kabla ya majuma mawili kupita, kwa maana ukichelewa utaikata mizizi. Kando ya ziwa, ambako upepo ni mkali, zifungeni vichwa tatu tatu ziegemeane. Mmea ukianza kurusha mkono wake, uelekezeni kwenye ufito. Baadaye utajua njia wenyewe.

Msipande mbegu zote kwa siku moja. Theluthi moja iwekeni ndani, ili mvua ikikatika ghafula au mche ukiliwa, mpate ya kurudishia. Lakini kurudishia kusicheleweshwe, kwa kuwa nzi wa maharagwe, ambaye funza wake hula ndani ya shina la mche, huzidi kuharibu mimea iliyochelewa. Mche ukinyauka na shina lake limevimba karibu na ardhi, ung'oeni mkauchome moto. Na yaliyosalia yarundikieni udongo shinani ili yatoe mizizi mipya. Palizi ifanyike mara mbili kabla ya maua, na isifanyike majani yakiwa na umande au mvua, kwa maana magonjwa ya madoa na ya kutu husafiri kwa maji na kwa mikono yetu.

Mwaka wa pili msirudi mahali pale pale. Vinundu vilivyo katika mizizi ya maharagwe hukaliwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huchukua naitrojeni ya hewa na kuifanya chakula cha mmea. Basi msiing'oe mizizi wakati wa kuvuna. Kateni shina, mwache mizizi ioze, na msimu unaofuata pandeni hapo mboga au mahindi.

Mwisho ni mbegu ya mwakani. Chagueni maganda mazuri kutoka katika mimea yenye afya iliyozaa sana, tangu yangali juu ya fito, mkayafunge kitambaa ili yasipikwe kwa bahati mbaya. Yakikauka yapureni, yaanikeni tena, mkayachanganye na majivu makavu yaliyochekechwa katika chombo chenye kifuniko, ili fukusi wasiyatoboe. Nyumba yenye mbegu yake mwenyewe hupanda siku ardhi ikubalipo. Nyumba ingojayo mbegu ya kuomba au ya kununua hupanda siku mwenye mbegu apendapo, na mara nyingi siku hiyo ni Aprili.

Nanyi wanafunzi, tuna ombi moja. Wekeni kopo la mvua shuleni, mkaandike kila asubuhi maji yaliyopatikana, na tarehe ambayo wazazi wenu walipanda, na tarehe ambayo maua ya kwanza yalionekana. Fanyeni hivyo kwa miaka mitatu, kisha wasomeeni wazee daftari hilo barazani. Hapo kijiji chenu kitakuwa na hesabu yake chenyewe, iliyotoka katika udongo wake chenyewe, nayo itawafaa kuliko maneno yetu ya leo.